Sauti Iliyotoka Kabla ya Gari

418 Mtaa wa Breckenridge,
Ferndale, Michigan.
30 Julai 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Raymond,

Shikamoo. Nakuandikia kukuomba uje Detroit, uketi kando yangu katika kikao kitakachoamua kama nitabaki kazini au nitafukuzwa. Nimelitanguliza ombi hili kwa sababu wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mwenye shida ya kweli hapigi chenga.

Sasa niombe radhi kwa haraka yangu, nikujulie hali. Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Je, joto la Tucson linamwacha Mama Mkubwa Lorraine apate usingizi? Sisi huku tu wazima. Bibi Wanda ametimiza miaka tisini na mmoja, na bado anakagua kabichi sokoni kama mtu anayenunua gari.

Kuhusu lile gari la Kestrel jipya, naamini habari zimekufikia hata huko jangwani. Miaka kumi na mmoja umbo ni lile lile, kisha kampuni ikatangaza kwamba jipya litazinduliwa tarehe 14 Agosti. Tangu hapo watu hawana mazungumzo mengine. Kinyozi wa baba anauliza, padri naye anauliza mara tu misa inapokwisha, na swali lao ni moja: je, injini ya silinda nane imebaki? Mimi ni mmoja wa wahandisi sita ambao kwa miezi kumi na tisa tumeutengeneza mlio wa bomba la moshi la gari hilo, na nilitia sahihi kiapo cha kutosema lolote. Siri hiyo niliitunza hata baba aliponinunia wiki nzima.

Jumamosi iliyopita nikaivunja.

Klabu ya baba ya wapenda magari ilikuwa imekusanyika kama kawaida katika ule uwanja wa kuegesha magari kando ya barabara ya Woodward, boneti zote wazi, watu wamekalia viti vya kukunja wakila soseji. Walikuwa wamemkalia baba kooni, maana ni yeye peke yake aliyeapa mbele yao kwamba nane haitaondolewa. Mzee Orville Tuttle, uliyekuwa ukipachika naye milango ya magari kiwandani, alikuwa ameinua simu akirekodi kila kilichopita.

"Jerry, jiandae," akasema Orville. "Kestrel yako inakuja na injini ya cherehani."

"Cherehani ya mkeo ingekuacha kwenye taa, Orville," baba akajibu.

Hapo hapo likatokea gari la majaribio, limefunikwa karatasi za madoadoa za kuficha umbo toka pua hadi mkia, likasimama kwenye taa nyekundu hatua ishirini kutoka tulipokuwa. Watu arobaini wakanyamaza. Unaijua desturi yao: gari la majaribio likipita, hakuna anayefungua mdomo mpaka liondoke, kwa sababu kila mmoja anahesabu silinda kwa masikio. Taa ikawa kijani, likaondoka taratibu.

"Sita," Orville akatangaza. "Poleni, jamani. Jerry, wewe pole zaidi. Mazishi saa ngapi?"

Wakaangua kicheko. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Nami sikuweza kuvumilia kazi ya miezi kumi na tisa iitwe mazishi, wala kumwona baba akiinamishwa kichwa kwa jambo alilolisema sawasawa.

"Sita gani, mzee?" nikasema. "Hiyo imezibwa sailensa ili msiitambue. Subiri izibuliwe, ndipo uje utuhesabie."

Baba alinikumbatia mbele ya watu wote. Ni juu ya bega lake ndipo nilipoiona simu ya Orville ikiwa bado juu.

Orville aliituma ile video kwa binamu yake kwa furaha tu, bila kufikiri, na binamu akaipeleka mtandaoni. Kufikia Jumapili jioni watu laki mbili walikuwa wameisikiliza. Uso wangu hauonekani, ila sauti ya mwanamke inasikika wazi. Katika wahandisi sita wa mlio, wanawake tuko wawili: mimi na Anjali Rao.

Baba ananitaka ninyamaze. Klabu nzima imeahidi kutosema, nao ni watu ambao hawajawahi kunyamaza hata kanisani. "Hakuna aliyekuona," ananiambia kila asubuhi. "Kunywa kahawa yako, nenda kazini, fumba mdomo." Orville amekuja kuomba radhi mara tatu. Mara ya mwisho alileta pai ya cheri na ushauri: "Binti, wakiniuliza, nitasema ile ni sauti ya mke wangu." Mkewe ana miaka sabini na minne na amevuta sigara kwa hamsini kati ya hiyo.

Jana Anjali alihojiwa kwa saa tatu mfululizo. Aliporudi mezani pake alianza kuziweka picha za wanawe katika boksi, moja moja, bila kututazama.

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla ya kuishika karatasi hii, nilimpelekea mkuu wa idara barua ya sentensi moja kwamba sauti ile ni yangu. Alinijibu ndani ya saa moja. Kikao kimewekwa siku tatu kabla ya uzinduzi, nami naruhusiwa kuja na mtu mmoja. Baba hajui bado. Nitamwambia jioni hii, na nakiri kwamba namwogopa yeye kuliko mkuu wa idara, kwani atataka kuja mwenyewe, na akija atagombana na kila aliyevaa tai.

Wewe ulikaa upande wa wafanyakazi katika vikao vya namna hii kwa miaka ishirini na miwili. Sikuombi uthibitishe kwamba sina kosa, ninalo. Nataka mtu atakayenigusa kiwiko nikianza kusema zaidi ya nilichoulizwa, maana nimekwisha kuona ulimi wangu unavyoweza kufanya kazi ukiguswa fahari yake. Nikifukuzwa kwa kosa hili, sijui kampuni gani ya magari itanipokea tena. Hata hivyo nisingeweza kulisikia gari lile likinguruma jukwaani huku nikijua ni nani aliyelipa badala yangu.

Mfikishie Mama Mkubwa salamu zangu za upendo, na uwape binamu Dennis na wanawe pole ya joto. Bibi Wanda amekwisha tandika kitanda cha chumba cha chini, na anamwomba Mungu akufikishe salama ukiwa na goti lako zima. Nitakusubiri kwenye mlango wa mashariki wa jengo la wahandisi, Jumatatu tarehe 11 Agosti, saa mbili na nusu asubuhi.

Mwanao akuheshimuye na kukupenda,
Delia Sobczak