Kumkaba Baba Mkwe

Jumapili, 27 Aprili 2025

Tumeshinda! Mbili kwa moja, tena huko Kambove, kwao, mbele ya mama zao. Goti linauma, mgongo unauma, nimefurahi kupita kiasi. Miaka thelathini na minne, na bado natoka uwanjani na damu kwenye soksi. Si damu yangu.

Wana namba tisa mpya, kijana mwembamba, wanamwita Cédrick. Mbio! Dakika ya kumi alikuwa ameshanipita mara mbili na watu wanacheka. Basi, dakika ya kumi na tano nikamkaribisha: bega kwanza, kisha kifundo cha mguu. Refa alikuwa anaangalia kwingine. Kijana akiwa chini, nikamwongezea neno moja juu ya mama yake. Kazi ni kazi. Baada ya hapo alikaa mbali nami, anachechemea.

Kwenye gari kocha Barnabé kanieleza: marudiano ni tarehe 18 Mei, hapa kwetu Likasi. Sare tu inatosha, tunapanda daraja. Tukipanda, ananibakiza msimu mmoja, halafu nimsaidie kufundisha. Tusipopanda, timu inavunjika. Na hii ni timu yangu ya kumi na moja! Kakanda, Lubumbashi, Ndola, Mbeya misimu miwili, na kwingine hata majina nasahau. Kote nilifika na begi moja, nikaondoka na begi lile lile. Nimechoka na begi.

Jumanne, 29 Aprili

Wamekubali kunipokea! Jumamosi hii, saa nane, kwa Papa Germain, nikamwombe binti yake Bibiane. Miaka miwili nangoja siku hiyo. Bibiane mwenyewe kanishonea suruali—cherehani yake haikulala—na kaniambia nisiongee sana. "Kwetu Kasai mukwe anaheshimu. Anaongea kidogo, anaangalia chini." Yeye Kasai hajawahi kufika hata siku moja, kazaliwa hapa hapa Likasi, mtaa wa Kikula, na baba yake pia. Lakini desturi wamebeba yote, hawakuangusha hata moja njiani.

Kwetu tumechanganyika, hatuna masharti mengi. Tunasalimia, tunakula bukari, ugali wetu, basi.

Jumamosi, 3 Mei

Nicheke au nilie?

Nilifika na mjomba Éphraïm, ndiye msemaji wangu. Sebule imejaa. Papa Germain na kofia yake ya zamani ya udereva wa treni, mkewe Mama Hélène karibu na mlango wa jikoni, wazee wengine kwenye viti vikubwa. Naangalia chini kama nilivyofundishwa. Naona viatu. Viatu, viatu, viatu—na mguu mmoja uliofungwa bandeji, umewekwa juu ya kigoda.

Nikapandisha macho polepole. Namba tisa! Cédrick wa Kambove, kwenye kiti cha wazee, kakunja mikono.

Papa Germain akaanza kututambulisha. "Huyu ni mudogo wangu, kitinda mimba ya muzee yetu. Kwa umri ni mutoto, miaka makumi mbili na ine. Lakini kwa Bibiane ni baba. Kwako basi ni baba mukwe, sawasawa na miye."

"Tunajuana," akasema Cédrick.

"Munajuana wapi?"

"Njo yeye huyu. Ule beki."

Mjomba Éphraïm akanigeukia, hajui kitu, maskini. Halafu sauti nyembamba ikatoka kwenye kona: "Njo ule alinitukana?" Mama mzee kajifunga kitenge cha kijani. Mama yake Cédrick! Bibi yake Bibiane! Nilitaka sakafu ipasuke inimeze.

Nikapiga magoti. Suruali mpya na yote. Nikamwomba mama mzee msamaha, nikamwomba Cédrick msamaha, nikaomba hata kwa wale ambao sijawakosea. Mjomba akaongeza yake, na yeye anajua kusema. Wakatoka kushauriana, wakarudi. Tulete mbuzi mmoja wa kuosha tusi. Hilo sawa. Lakini Papa Germain akanyanyua kidole:

"Mukwe hamugusi baba mukwe. Tangu leo, mukono yako isifike tena ku mwili yake."

Nikauliza, kwa adabu, hata uwanjani?

"Uwanja iko inje ya dunia?"

Mungu wangu. Nikaapa. Ningefanya nini? Wakasema watakuja wote kuangalia marudiano, na jioni ile ile watanipa jibu. Nisipotunza kiapo kwa siku moja, watanipaje mtoto wao kwa maisha yote? Nikifikiri vizuri, hawakukosea.

Bibiane kanisindikiza mpaka barabarani. Nilidhani analia. Kumbe anacheka mpaka kashika mti.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia Barnabé. Kacheka mpaka filimbi ikamdondoka. Halafu akakasirika. "Beki asiyegusa ni nini? Ni kibendera cha kona!" Akasema ataniweka benchi. Nani atacheza basi? Beki mwingine wa kati yuko na malaria, na yule wa akiba ni mfupi kuliko wavu wa goli la watoto. Akazunguka uwanja mara mbili, mikono mgongoni. Akarudi. "Sawa. Kesho uje na mayai."

Nilidhani ni mzaha.

Jumanne, 6 Mei

Si mzaha. Yai bichi moja kila mkono, halafu wanaletwa washambuliaji wanikimbilie. Nikinyoosha mkono nishike jezi, yai linakwisha. Mayai sita asubuhi moja! Wananiita Omeleti. Kipa wetu kauliza kama niko na chumvi.

Jumamosi, 10 Mei

Yai moja tu limevunjika leo, na hilo nilijikwaa.

Jambo la ajabu. Miaka kumi na sita nilikuwa naangalia mtu. Kifua chake, bega lake, wapi nimshike. Sasa mikono imefungwa, nalazimika kuangalia mpira, na mguu anaokanyagia mshambuliaji. Mguu unasema yote mapema! Nafika kabla yake, nachukua mpira, naondoka, na yeye bado anatafuta. Safi kabisa. Barnabé akanikaribia. Akasema kwa sauti ya chini, "Ungelijua hii ukiwa na miaka makumi mbili..."

Najua, kocha. Nimeumia moyoni kidogo aliposema hivyo. Labda kusingekuwa na timu kumi na moja. Lakini nisingerudi Likasi, na Bibiane asingenipimia koti la shemeji yake kwa bahati mbaya siku ile tulipojuana. Basi, yamepita.

Jumatano, 14 Mei

Nimepeleka mbuzi. Cédrick alikuwepo, bandeji imetoka, anaruka ruka kuonyesha. Nikainama, nikapiga makofi mawili ya heshima, macho chini. Mimi, mwenye mvi tatu!

"Mutoto yangu," kasema, "unalala muzuri?"

Nalala vizuri, baba.

"Unakula?"

Nakula, baba. Alikuwa anakufa kwa kicheko ndani, nilimwona mashavu. Mama mzee wa kitenge cha kijani kampiga kofi la mgongo, asichezee mukwe wa watu.

Tulipobaki wawili kwenye ua akawa mtu wa kawaida. Kaniambia kuna mtu anatoka Lubumbashi Jumapili kuja kumwangalia yeye. Timu kubwa. Mwaka jana alikuja mwingine, na siku ile Cédrick alikuwa na homa. "Sitakuonea huruma, yaya. Nitakupita." Sasa mimi ni yaya, kaka mkubwa! Nikamwambia ajaribu. Tukaagana bila kupeana mikono, ndiyo sheria. Ninampenda kijana huyu, sitaki kuficha.

Jumapili, 18 Mei, asubuhi

Baridi. Nimekula mkate. Misa ya kwanza nimekwenda, padri kasema nini sijui. Bibiane katuma ujumbe: familia yote inakuja, watu kumi na wanne, hata mama mzee. Mbele kabisa watakaa.

Jumapili, 18 Mei, saa kumi na moja jioni

Niko uani kwa Papa Germain, nyuma ya jiko, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wao wako ndani. Anayeposa hangojei ndani, anangoja nje mpaka aitwe. Mjomba Éphraïm yuko nao. Dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Nimetoa daftari kwenye begi la mpira kwa sababu nisipoandika nitatafuna mkono.

Haraka basi. Tumepanda daraja! Sifuri kwa sifuri!

Mchezo wangu bora maishani. Naandika bila aibu, nani atasoma? Cédrick akienda kulia, nipo. Akienda kushoto, nimeshafika. Mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Watu wa Kikula walianza kucheka, halafu wakaanza kupiga makofi. Nusu ya kwanza hakupiga hata shuti moja. Papa Germain alikuwa anahesabu hatua kati ya mkono wangu na mwili wa mdogo wake, nilimwona, shingo imenyooka.

Dakika ya themanini na sita. Mpira mrefu, umenipita juu ya kichwa. Goti likakataa kugeuka. Cédrick kapita, peke yake, kipa mbele yake, goli lote wazi.

Nilimgusa.

Kidole kimoja. Cha kati. Kwenye upindo wa jezi, nyuma, kidogo sana. Mkono ulikwenda wenyewe, sikuutuma, miaka kumi na sita ya kazi imo ndani ya mkono huu. Alipoteza nusu hatua. Nusu hatua ilimtosha kipa wetu kulala juu ya mpira.

Refa hakuona. Upande wa Kambove hawakuona. Cédrick alijua. Alinyanyua mikono yote miwili, mdomo wazi, tayari kulalamika. Halafu akaangalia jukwaani, kaka yake amesimama na kofia mkononi. Akashusha mikono. Akarudi kwenye nafasi yake akikimbia. Hakusema kitu! Nasema tena, hakusema kitu.

Filimbi. Walinibeba mabegani, Barnabé analia kama mtoto, "Umebaki, Osée, umebaki nyumbani!" Na mimi toka juu kule namwona Cédrick kakaa kwenye nyasi, na yule bwana wa Lubumbashi anatafuta funguo za gari.

Sasa ndani. Papa Germain anasema. Anasifu. Anasema hajawahi kuona mukwe wa namna hii, tangu Kikula iitwe Kikula. Mjomba anasema ndiyo, ndiyo. Halafu:

"Cédrick. Ile ya mwisho. Ulikuwa peke yako, ukakosa. Alikugusa?"

Nasogeza ndoo karibu na dirisha.

"Hapana, yaya. Niliteleza."

Mama Hélène kapiga vigelegele! Viti vinasogezwa. Mjomba anacheka kwa nguvu. Ningefurahi. Nafurahi! Lakini kijana kapoteza Lubumbashi yake, na sasa kamdanganya kaka yake kwa ajili yangu, na mimi nimekaa juu ya ndoo.

Nikisema kweli, nimemfanya baba mkwe mwongo mbele ya wazee. Nikinyamaza, tuko waongo wawili na yeye ndiye aliyelipa. Maisha yote nitapiga makofi ya heshima mbele yake, kila Krismasi, na yeye atasema "mutoto yangu", na tutaangalia chini wote wawili.

Papa Germain tena: "Mungojee, musiimbe. Osée aingie. Aseme na kinywa yake."

Bibiane katoka kuniita. Kavaa kitenge kipya, mzuri, Mungu wangu. Kauliza naandika nini wakati watu wananingoja. Nikamwambia dakika moja. Hakuondoka. Kachuchumaa mbele yangu, kaniangalia mkono wa kulia, si uso.

"Miye ni mushonaji," kasema polepole. "Kitambaa ikivutwa, ninaona. Hata toka ku jukwaa ninaona."

Nikakunja kidole, nikakificha chini ya daftari.

"Haya. Simama."

Kafungua mlango, kaushika kwa mgongo. Ndani wote wamegeukia mlango. Cédrick anatikisa kichwa, hapana, hapana. Nimesimama, naandika nikiwa nimesimama, na maneno ya kwanza nimeshayapata: baba, nisamehe, na wewe pia, Cédrick baba yangu, nilikugusa.