Aliyesimama Kando ya Femke

Leiden, 14 Juni 2019

Wifi yangu Tjitske,

Asante kwa kadi yako. Huku mvua haikatiki, ila maharage aliyopanda kaka yako Sjoerd yamestawi.

Jana Femke, mwanafunzi wake wa mwisho, alitetea tasnifu yake ya sheria za Ulaya. Sjoerd alipofariki, Femke alitaka kuacha kabisa. "Bila Profesa, nani atakuwa upande wangu?" alinilalamikia. Unajua desturi yetu, mtahiniwa husimama na wasindikizaji wawili. Nikamtania, "Basi nichukue mimi." Akanichukua kweli!

Mlangoni akaninong'oneza, "Mama Geeske, nikizimia unidake."

"Kwa mgongo huu? Tutaanguka wote, mwanangu."

Maprofesa walimbana kwa maswali nisiyoyaelewa. Kwenye lile gumu kuliko yote aliweka karatasi zake chini. Kisha akasema, "Tuanze na mtu aliyeumia. Vifungu vitafuata."

Wifi, hayo ni maneno ya Sjoerd, ya kila siku mezani. Machozi yalinitoka mbele ya majoho yote yale. Femke amefaulu, nami nashukuru kwamba nimemsikia mume wangu tena.

Ukisali huko Kanada, unikumbuke na mimi.

Wifi yako,
Geeske