Watoto wa Aloyo Walivyorukwa

Nateete, Kampala
12 Machi 2007

Mdogo wangu Nakhisa,

Naamini wewe na mama huko Kisumu mko wazima. Mimi napumua, kifua kimejaa saruji, lakini leo siandiki habari za kifua. Nina hasira na wewe.

Okidi, yule mwanajeshi mstaafu niliyekuwa nikibeba naye mifuko, amefariki. Jumamosi tulimwombea kabla hajapelekwa Gulu. Nikachaguliwa kusoma maisha yake kwa Kiswahili, maana walikuwepo Waacholi, Waganda na sisi Wakenya. Nikafungua kompyuta, ile programu ya kukuza maandishi uliyonitengenezea kwa ajili ya macho yangu mabovu. Nilipomaliza watoto wa mke mkubwa nikabonyeza ili ukurasa ugeuke. Nikaona bado umesimama, nikabonyeza tena. Maandishi yakateleza laini kama mafuta, yakatulia kwenye wajukuu. Nikasoma wajukuu.

Watoto watatu wa Aloyo, mke mdogo wa Okidi, nikawaruka mbele ya ukoo! Na Ogwal, kaka wa marehemu, siku zote anasema watoto hao si wa Okidi. Aloyo akasimama: "Wewe Mukenya, Ogwal amekulisha nini?"

Kazini sasa hakuna anayenitwika mfuko, wanasema nimehongwa. Uliijaribu kweli hiyo takataka?

Kaka yako,
Wandera

Kisumu
20 Machi 2007

Kaka Wandera,

Mama anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Pole sana kwa Okidi.

Lakini kaka, nilikuambia ubonyeze mara moja. Maandishi huanza kusogea polepole ili macho yasipoteze mstari. Ulibonyeza kabla hayajatulia, programu ikajumlisha kurasa mbili. Kwangu inafanya kazi vizuri.

Mdogo wako,
Nakhisa

Nateete
27 Machi 2007

Nakhisa,

Mpe mama pole ya goti. Mimi sijambo, kama unajali.

"Kwangu inafanya kazi." Ulimtengenezea nani? Vidole vyangu vimekufa ganzi kwa saruji, sijui kama nimebonyeza mpaka nirudie. Hukuniuliza hata siku moja.

Ukoo unakaa Jumapili baada ya Pasaka kuamua nani abaki kwenye nyumba ya Okidi. Ogwal anatangaza kwamba hata kwenye maombi watoto hao hawakutajwa. Andika barua, ueleze kosa ni la programu, niwasomee. Harakisha.

Kaka yako,
Wandera

Nateete
16 Aprili 2007

Nakhisa,

Mama hajambo? Barua sikuiona. Hasira yangu iko pale pale.

Nilikwenda kwenye kikao na kompyuta. Nikaiweka katikati ya wazee, nikabonyeza mara mbili. Ikawaruka tena. Ogwal akacheka: "Umeifundisha!" Mzee Oloya, mkuu wa ukoo, akamwambia, "Basi bonyeza wewe." Akabonyeza mara mbili. Ikawaruka. Oloya akaniambia nirudishe nyuma ukurasa mmoja, majina yakatokea, makubwa, kila mtu akayaona.

"Soma," akamwambia Ogwal.

"Huyu Mukenya ndiye msomaji."

"Nimesema usome wewe. Ukimaliza, hatutaki tena kusikia habari ya kumtoa Aloyo kwenye nyumba."

Akasoma kama anayetafuna mchanga. Ojara. Amony. Alipofika kwa Ocen, mtoto mwenyewe, aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, akaitika, "Naam, baba."

Kaka yako,
Wandera