Kaka Alikuwa Amechoka

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Mziwanda,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo huko kwenye baridi? Kichwa bado kinauma upande ule ulioshonwa? Usinijibu "sijambo" ya kunyamazisha watu, nakujua. Mimi nipo, nashona sare za shule huku mlango nimeutia komeo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yangu iko kwa Baba. Anasema imeharibika.

Yule fundi viatu aliyegongwa na gari letu amefariki wiki hii. Nilipita kibandani kwake, viatu vya watu bado vimepangwa, vingine havina soli. Nililia barabarani bila kujali nani ananitazama.

Tangu hapo nyumba imebadilika. Unajua kwetu hakuna mtu anayelewa, watu "huchoka" tu. Babu alichoka, ami alichoka, na Kaka yetu mkubwa alichoka siku ile ya ajali, kwenye sherehe ya Baba ya kustaafu, mpaka akawa anauaga ukuta. Basi polisi walipokuja kumhoji Mama, akasema kwa mazoea, "Mwanangu alikuwa amechoka." Askari akamwonea huruma. Akauliza, "Sasa mama, kama alichoka hivyo, mlimwachiaje gari?" Mama akababaika, kisha akasema, "Hatukumwachia. Aliendesha mdogo wake."

Nilidhani atajirudi. Hakujirudi. Jioni hiyo Baba akakumbuka kwamba aliwahi kukufundisha gari uwanjani, wewe ambaye hata baiskeli ulikuwa unaikokota kama mbuzi asiyetaka kwenda. Mke wa Kaka, aliyekaa mbele karibu na dereva, sasa anasema alisinzia njia nzima. Kaka mwenyewe yupo tu. Ananyoa ndevu, anakula, anatazama simu.

Kinachonitisha zaidi ni mimi mwenyewe. Wanarudia mezani kwamba uliendesha wewe, kwa upole, kila mlo, hadi juzi nikiwa napiga pasi nikakuona umeshika usukani. Nikaizima pasi nikakaa chini. Uliniambia safari ile imefutika kichwani mwako, na wao wanalijua hilo. Kwa hiyo shika maneno yangu: nilisimama barazani nikawaona mkiondoka. Kaka ndiye aliyekuwa kwenye usukani, akaiponda ndoo ya maji akirudi nyuma. Wewe ulikaa kiti cha nyuma umepakata sufuria ya Mama, unacheka. Usikubali mtu akukumbushe vingine, hata akilia.

Nikiyasema haya kituoni nitakuwa nimemfunga Kaka kwa mdomo wangu, na Baba ameshaniuliza nitakwenda kuishi wapi. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshakwenda kusema. Naogopa sana, mdogo wangu.

Baba anakusalimu. Shemeji yako pia, ingawa siku hizi hainui uso. Kaka anauliza kila siku utakuja lini. Mama naye anakusalimu kwa mapenzi yote. Ni mzima wa afya, hivi sasa namsikia jikoni anaimba. Ukipigiwa simu ukaambiwa yuko mahututi na uwahi kumwona, usipande ndege.

Mungu akufunike huko uliko.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako.