Teke la Bastola Ndogo

Dada yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji, nami mnipe hali zenu. Goti lako limetulia, au bado unashuka ngazi kinyumenyume? Na kikohozi cha shemeji? Mimi ni mzima kiasi cha mtu kuamka na kwenda kazini. Zaidi ya hapo nitakueleza. Usishangae mwandiko kulala ubavu. Ungeuona wa juzi ungedhani kuku amepita na wino.

Binti yako anakula, analala, anawahi zamu. Wenzake wanamwita Shangazi kwa jinsi anavyowakaripia wakiacha milango wazi. Najua uliponiomba nimwombee nafasi ya ulinzi kwenye kampuni yetu ulikuwa umeuma meno, maana ni wewe uliyesema, miaka kumi na saba iliyopita, kwamba mdogo wako ameenda kuwafungulia watu mageti. Sijasahau. Mageti niliyafungua mwaka mmoja na miezi minne. Kisha nikaingia ghala la silaha, nikajifunza mwenyewe bila cheti cha mtu, na tangu hapo hainunuliwi bastola pale kabla sijaijaribu kwa risasi kumi na kuandika namba ya teke lake, yaani inavyorudi mkononi. Moja ni kama kupeana mkono. Kumi ni punda. Ndiyo maana wananiita Mizani.

Mwezi wa tatu meneja aliniletea bastola tatu, tuchague moja ya walinzi wote. Risasi zake ni za aina moja. Ya kwanza chuma kitupu, gramu elfu moja na mia moja. Ya pili gramu mia nane. Ya tatu ndogo, nyembamba, gramu mia tano na kumi, inaingia mfukoni na koti halivimbi. Niliandika: nzito tano, ya kati nne, ndogo tatu. Meneja akaagiza ndogo arobaini, akanipiga bega, akasema mkono wangu una akili kuliko ofisi nzima.

Sasa kuna mtihani wa shabaha. Kila mlinzi anapiga risasi ishirini, na kumi na nne lazima ziingie kwenye duara. Binti yako mara ya kwanza aliingiza tisa, mara ya pili saba. Ukishindwa ya tatu unarudisha gwanda. Mkufunzi, ambaye tunamwita Filimbi, alimuuliza mbele ya kundi ana tatizo gani. Akajibu kwa adabu kwamba bastola ile inapiga teke baya, kiganja kimemvimba, na akikaribia kubonyeza mwili unajikunyata wenyewe. Filimbi akaifungua karatasi yangu akaisoma kwa sauti: teke tatu, na sahihi ya mjomba wako hii hapa. Akamwambia achague, ama Mizani ni mwongo ama yeye ni legelege. Watu wakaangua kicheko. Binti yako akasema mjomba si mwongo.

Nilikuwa nimesimama pale pale, dada. Nikaona nimalize ubishi. Nikaichukua bastola yake, nikapiga tano mfululizo, zote katikati, nikageuka kifua mbele kama jogoo. Walinipigia makofi. Yeye hakupiga. Alinisogelea akaninong'oneza kwamba natoka damu. Nilipotazama, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka kilikuwa kimenichana kati ya gumba na kidole cha shahada, damu imefika kwenye saa. Sikuwa nimesikia hata mwasho. Akanifunga kwa leso yake, akasimama mbele yangu ili wengine wasione, na hajamwambia mtu mpaka leo.

Nakwambia wewe kwanza, kwa sababu ni mwanao. Mkono wangu wa kulia una ganzi mwaka na miezi miwili sasa. Ilianzia kidole kidogo ikapanda. Siku ile nilipopiga zile tatu, zote zilikuwa sawasawa, kama mtu ananigonga kupitia godoro. Kichwa kilijua, risasi ni ile ile, chuma chepesi lazima kirudi kwa nguvu, hesabu hiyo haihitaji hata kalamu. Lakini namba tatu zinazofanana zingeulizwa, na ukweli ungenirudisha getini. Basi nikayatazama matundu kwenye karatasi. Ya ile ndogo, niliyoipiga mwisho, yalikaa pamoja, nikaandika kwamba imetulia. Yalikaa pamoja kwa sababu mkono usiohisi haujikunyati. Ile tatu niliitunga, na mwanao ndiye anayeilipia.

Juzi nilimwita, nikampa zote tatu apige kumi kumi. Yeye akataja, mimi nikaandika: nzito nne, ya kati sita, ndogo tisa. Akaniuliza nitafanywaje. Nikamwambia sijui, nimechoka kubahatisha. Jana nikaipeleka karatasi kwa meneja, pamoja na maelezo ya mkono wangu. Aliisoma mara mbili, hakunipiga bega. Mtihani wa tatu binti yako atapiga kwa ile nzito. Mimi nimeambiwa nikabidhi funguo za ghala Jumatatu.

Mwaka juzi uliniandikia kwamba napima kila kitu isipokuwa ndugu zangu. Sikukujibu, ila maneno yale ningeyapa teke tisa, na niliyasikia vizuri.

Nisalimie shemeji. Binti akija likizo usimwulize habari zangu mbele za watu. Ameninyamazia vya kutosha. Na jibu lako liwe kwa herufi kubwa, niweze kuzinakili kama mazoezi, maana barua hii nimeiandika kwa siku tatu, kwa mkono wa kushoto, na bado najifunza.

Mdogo wako,
Mizani