Mama Furaha alifunika maharage yake

Siku ya posho, Jumamosi, magaribi

Bado ninashangaa. Mama anaugua, basi leo nilikaa peke yangu ku nafasi yake sokoni, na maharage mabichi ambayo hayangefika kesho bila kuharibika. Watu walipita tu. Sauti yangu ilikataa kutoka, hata "karibuni" moja.

Mama Furaha, anayeuza maharage kama yetu pembeni, aliniangalia. Kisha akafungua kitenge chake cha begani, akafunika yake yote, akawaita wapita njia:

"Papa, mama, kwangu bado sijafungua! Kuyeni kwa huyu mutoto timide, mwenye haya!"

Wenzake wakacheka, nao wakafunika. Mstari mzima, vitenge tupu, mpaka kikapu changu kikaisha.

Nilitaka kusema merci. Mama Furaha akanizuia:

"Acha, mutoto. Mama yako alinifunikia nilipokuwa na mimba ya Furaha."

Furaha ananipita umri. Kumbe walikuwa wanafanya hivi mbele nizaliwe.