Soksi Inayoanzia Kisiginoni

Tarbaj, 6 Julai 2024

Binti yangu Idman,

Asalaam aleikum. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Mama yako anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi. Mbuzi wamekonda lakini wanatembea. Hujambo wewe, na Mustafe mumeo? Najua ungependa nipige simu. Nimefanya kazi ofisi ya mifugo miaka thelathini na moja, na kwangu jambo lisilo kwenye karatasi halijasemwa.

Kidonda kimefunga. Daktari wa Wajir aliutazama mguu wa kushoto Jumanne, akasema kovu ni kavu. Ulikuwepo siku walipokata, kwa hiyo unajua vidole vyote vitano viliondoka na sukari. Kiatu navaa, nimekijaza matambara mbele, na hakuna anayejua. Shida yangu ni mkeka. Kwenye kamati ya kisima tunavua viatu, tunakaa chini, na miguu ya kila mtu inaonekana.

Nimekosa mikutano miwili. Kanuni inasema mjumbe akikosa mitatu mfululizo anapoteza kiti, hata akiwa mwenyekiti kama mimi. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Mkutano wa tatu ni tarehe 31 Agosti. Alio, mtoto wa kaka yangu, anakitaka kiti. Akikipata, malori ya wauza maji yatajaza kwanza na mbuzi wa watu watangoja juani.

Basi nifumie jozi moja nyeusi. Ya kushoto iwe na umbo la mguu mzima. Ijaze pamba mbele, iwe na vidole.

Aabo


Garissa, 14 Julai 2024

Aabo,

Waaleikum salaam. Nimefurahi kusikia kovu limekauka. Sisi tuko salama. Mustafe amerudi jana kutoka Dadaab, anakusalimu sana. Mwambie mama, Hooyo wangu, anywe tangawizi na afunike mdomo anapofagia zizi.

Soksi nitafuma. Nyeusi sifumi, na pamba sijazi.

Miguu yako haihisi kitu. Pamba ikikusugua kovu utaijua siku damu itakapotokea kwenye kiatu. Kidonda cha kwanza kilianza hivyo hivyo, kwa kokoto uliyotembea nayo kutwa nzima.

Tena, Aabo, nilikuwa na miaka tisa ulipomfukuza yule mchuuzi sokoni kwa sababu alimpaka mbuzi hina kuficha upele. Ulimwambia mnyama auzwe jinsi alivyo. Leo wewe ndiye unayetaka nikupake.

Weka mguu juu ya karatasi, uuzungushie kalamu, uniletee mchoro. Bila mchoro siwezi kufanya kazi.

Binti yako,
Idman


Tarbaj, 29 Julai 2024

Idman,

Asalaam aleikum. Tu wazima. Mchoro sikuletei. Sijakuzaa ili unilinganishe na mbuzi mwenye upele.

Nilichukua soksi nyeusi ya mama yako, nikaijaza pamba mwenyewe, nikaishona vidole vitano kwa sindano ya gunia. Ijumaa nikaenda msikitini. Nilivua viatu mlangoni na hakuna aliyegeuka kutazama. Rakaa ya kwanza ilikwenda vizuri. Rakaa ya pili pamba ilihama. Tulipotoa salamu, vidole vilikuwa vimegeuka upande, vimetazama ukutani.

Alio alikuwa nyuma yangu. Alisema, na wote walisikia: "Adeer, wewe umeelekea kibla, vidole vyako vinakwenda Mandera!"

Msikiti mzima ulicheka. Hata imamu alijifanya anakohoa.

Mkutanoni siendi. Barua hii haihitaji jibu.

Aabo


Garissa, 12 Agosti 2024

Aabo,

Asalaam aleikum. Natumaini umeamka salama, na sukari umepima. Najibu kwa sababu hata wewe ungejibu.

Nyuma ya barua yako kuna mchoro wa mguu kwa mkaa. Wewe huandiki kwa mkaa. Mwambie Hooyo ahsante, na kwamba mkono wake hautetemeki hata kidogo. Nadhani ulikuwa umelala mchana.

Ndani ya furushi hili kuna jozi moja. Nakueleza ilivyotengenezwa ili usiseme nimefanya mzaha. Uzi ni wa sufu. Nilinunua sweta tatu nyeupe za mitumba, nikachoma uzi mmoja wa kila sweta. Mbili zilinuka nywele zilizoungua, hizo ni sufu. Ya tatu iliyeyuka kama mfuko wa plastiki, nikaiacha. Nikazifumua hizo mbili na kuzipika kwa maji ya mto na siki. Rangi ya chungwa ni hina. Njano ni bizari. Kijani na zambarau ni rangi za pakiti wanazotilia mikeka. Kila kitita cha uzi nilikichovya kipande kwa kipande, ndiyo maana rangi zinabadilika kabla jicho halijazizoea.

Soksi ya kawaida inafungwa kwenye vidole, na mshono ungekaa juu ya kovu lako. Kwa hiyo yako haikuanzia huko. Niliianzia kisiginoni, kipande kidogo kama kifuniko cha soda, nikakikuza pande zote kwa mzunguko. Ilipokifunika kisigino, nusu ilipanda kuwa shingo ya soksi, nusu ikaenda mbele hadi pale mguu wako unapoishia. Hapo ikapinda na kurudi juu. Mshono uko juu ya mguu, mbali na kovu. Nilifumua mara nne. Sindano ni spoku za baiskeli, Mustafe alizisugua ncha.

Ya kushoto ni fupi kwa sababu mguu wako wa kushoto ni mfupi. Ya kulia ni ndefu. Ukizishika pamoja yeyote ataona. Ndivyo nilivyokusudia.

Binti yako,
Idman


Garissa, 27 Agosti 2024

Aabo,

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote? Ahmednoor, dereva wa basi, anasema alikukabidhi furushi mkononi tarehe 15. Hujaandika. Hooyo kwenye simu anasema tu wewe mzima, kisha anaulizia bei ya sukari.

Jumamosi ndiyo tarehe 31. Usipokwenda, soksi usinirudishie. Wape kuku walalie.

Idman


Tarbaj, 2 Septemba 2024

Binti yangu Idman,

Asalaam aleikum. Mimi mzima. Mama yako kikohozi kimeisha, anakuombea dua. Mustafe mpe salamu zangu na umwambie spoku zilifanya kazi.

Soksi zilikaa juu ya sanduku siku kumi na tano. Sikuzigusa. Mama yako alizipangusa vumbi kila asubuhi na kuzirudisha pale pale.

Ijumaa baada ya alasiri Alio alikuja nyumbani na sukari kilo mbili. Aliongea kwa adabu sana. "Adeer, umetumikia watu vya kutosha. Pumzika." Akatoa karatasi. Ilikuwa barua ya kujiuzulu, imepigwa chapa, jina langu chini, pamebaki sahihi tu. Sababu ilikuwa imeandikwa: ulemavu. Nilimrudishia karatasi yake. Sukari nilimrudishia pia, akashangaa zaidi kwa hiyo.

Jumamosi nilivaa soksi zako. Kutoka nyumbani hadi kisimani ni mita mia tisa, nilipumzika mara moja. Nilivua viatu mbele ya watu ishirini na mmoja. Nikakaa katikati, nikanyoosha miguu yote miwili.

Wote walizitazama soksi. Kisha Alio akasema, "Adeer, hiyo ni soksi au mtandio wa bibi harusi?"

Walicheka. Mzee Yahye alicheka hadi akashika ubavu. Nikangoja.

"Mmemaliza?" nikauliza.

"Bado kidogo," akasema Yahye, akaendelea.

Sirad, karani wetu, akaanza kusoma majina. Alipofika kwangu Alio akamwambia aruke, mzee ni mgonjwa, ameshaamua kujiuzulu. Sirad akainua macho kutoka kwenye daftari, akanitazama mimi.

Nikasema, "Nipo. Andika."

Akaandika. Basi nikauongoza mkutano kama mwenyekiti. Hoja ya malori ilipigiwa kura. Mbuzi kwanza: kumi na tatu. Malori kwanza: wanane. Alio alidai kura zihesabiwe upya. Zilihesabiwa upya.

Nilipoondoka walicheka tena. Waache wacheke. Jana alfajiri malori mawili yalifika kisimani, na yakasimama mpaka mbuzi wa mwisho aliponyanyua kichwa kutoka majini.

Aabo